Balbu Isiyo na Joto

Kaka mpendwa,

Pokea salamu za nyumba nzima. Vipi afya yako, na kile kifua kilichokuwa kikikusumbua? Sisi huku tunapumua, ingawa leo kalamu ni nzito mkononi.

Balbu ulizotutumia, hizi zisizokula umeme, zilifika salama. Fundi Ngazi, yule jirani yetu mrefu asiyehitaji kiti kugusa dari, alizifunga zote Jumamosi. Shangazi alipoona jiko linavyong'aa na masizi yote yaliyojificha ukutani, akasema umemvua nguo mbele za watu. Tulicheka, na Baba akacheka kuliko sote.

Ile kubwa tuliifunga juu ya cherehani ya Baba. Unakumbuka ya zamani ilivyoning'inia karibu na paji la uso wake, mpaka akatokwa jasho? Nikamwambia sasa atashona bila kuungua. Akajibu kwamba mwanga ni mzuri mno.

Jumatatu jioni nilitoka kazini nikakuta chumba kiza totoro, cherehani inalia. Nikamuuliza mbona hajawasha taa. Akanijibu, kwa ukali kidogo, kwamba imewaka tangu alipoketi. Kisha akainua mkono, akaipapasa balbu. Nikabonyeza swichi, chumba kikajaa mwanga. Baba akabaki ameishika, akaniuliza kama sasa inawaka.

Kaka, Baba haoni. Ile ya zamani alikuwa akiijua kwa joto lake. Muda wote huu ameshona kwa vidole, nasi tukimtania kwamba mishono yake imelewa. Nilimpeleka kwa daktari wa macho. Ni presha ya macho, akasema, na kilichokwishapotea hakirudi. Baba amenikataza nisikuambie, anaogopa utaacha kazi na kuahirisha harusi. Nimeshindwa kunyamaza. Nalia jikoni kila siku, nasingizia vitunguu.

Alichokuwa akishona jioni ile ni koti lako la harusi. Amekataa katakata kumwachia fundi mwingine, amelimaliza mwenyewe, na ninalituma pamoja na barua hii. Mkono wa kushoto umetoka mfupi. Tafadhali livae hivyohivyo, usiguse hata uzi. Na ukimpigia simu, mwambie limekukaa.

Shangazi anakusalimu, nami namsalimu sana wifi yangu mtarajiwa.

Mdogo wako akupendaye,
Kitinda mimba