Wakesho Alivyowafukuza Kulungu wa Watu

Kingstanding, Birmingham
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Mguu unaendeleaje? Na usinijibu "salama tu", maana hilo nimelisikia kwenye simu kila Jumapili kwa miaka minne, na halikubadilika hata wiki ile uliyoanguka ukitoka kisimani, ambayo niliisikia kwa watu. Sisi huku miili ni mizima. Mwakio anakohoa kidogo, lakini mwanao huyo unamjua, hata umnunulie koti la namna gani atalivaa kifua wazi. Baridi imeshika kweli. Asubuhi inabidi tukwangue barafu kwenye kioo cha gari ndipo tuone barabara.

Nimeamua kukuandikia kwa mkono kwa sababu kuna dada wa kanisani kwetu anasafiri Jumatano, na ameahidi kushuka Voi akuletee mpaka mlangoni. Lakini sababu kubwa ni kwamba kwenye simu mimi na wewe tumekuwa waongo. Wewe unasema mko salama, mimi nasema kazi ni nzuri, tunaombeana baraka, tunakata. Mficha maradhi, Mama... methali hiyo unaijua, sitaimalizia.

Habari yenyewe ni ya mwanangu Wakesho. Unakumbuka tulivyopatana siku ile ulipomsindikiza uwanja wa ndege: ikifika Pasaka kama mtoto hajazoea, nimrudishe kwako bila ubishi. Pasaka inakaribia na mimi silali. Tangu afike mwezi wa tisa hajanifungulia moyo. Anakula, anaoga, anatii kuliko mtoto yeyote, lakini maneno yake kwa siku unaweza kuyahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Ananiita Mama wa Simu, hata nikiwa nimekaa naye nikimsuka nywele. Simlaumu. Alikuwa na miaka minne nilipoondoka, akanijua kwa kioo cha simu ya Shangazi. Lakini inaniuma, Mama, inaniuma sana.

Shuleni ndiko kubaya zaidi. Mwalimu wake aliniita akaniambia kwamba mtoto hajatamka neno darasani, si kwa Kiingereza wala kwa lugha nyingine. Anachora tu. Akanionyesha daftari, limejaa ndovu kuanzia ukurasa wa kwanza. Ndovu watatu, ndovu watano, ndovu na nyumba, ndovu na mahindi. Mwalimu anatabasamu, ananiambia inaonekana anawapenda sana. Na mimi nesi mzima, mzaliwa wa Sagalla, nikaitikia kwa kichwa, nikasema ndiyo, anapenda wanyama. Wanataka nikakae nao tena Jumatatu ya wiki ijayo, kuna mtaalamu atakuja. Naogopa watanitazama waone mwanamke asiyemjua mtoto wake.

Nilimweleza rafiki yangu wa kazini, Mwanaidi, yule Mtanga niliyekuambia hunipikia samaki. Akaniambia, "Mwenzangu, dawa si hiyo hapo? Mtoto anataka wanyama, mpeleke akawaone. Moyo wake utakunjuka, Inshallah." Mwakio naye akadakia, "Sister, kuna place nimeiona online, one and a half hours tu kwa gari. Wanafeed wanyama wakubwa kama ng'ombe, na ni wa msituni, hakuna mtu anawafuga."

Ni kulungu, Mama, lakini si hawa wetu wa kukimbia vichakani. Hawa ni wekundu, shingo nene, na dume lake lina pembe zenye matawi kama mti uliokauka. Wanaishi milimani. Baridi ikizidi na nyasi zikafa, mwenye eneo hilo huwatandazia nyasi kavu kila alasiri, na watu huenda na familia zao kuwatazama wakiteremka. Kuishi kwingi ni kuona mengi.

Basi jana Jumamosi tukaenda, sisi watatu pamoja na Mwanaidi na binti yake Salma mwenye miaka kumi, mzaliwa wa hapa, anayesikia Kiswahili chote na kujibu Kiingereza chote. Nilipika chapati na ndengu, nikafunga sufuria kwa leso kama ulivyokuwa ukitufungia sisi. Nilimvalisha Wakesho nguo tatu na soksi mbili. Njia nzima nilikuwa nikimwonyesha hiki na kile, naye anatikisa kichwa. Nilijisikia kama mtu anayembembeleza mgeni anunue kitu.

Tulifika tukasimamishwa nyuma ya kamba pamoja na familia nyingine kama kumi hivi. Mzee mwenye shamba akaja na trekta, akashusha nyasi kavu na kuzipanga mstari mrefu kwenye uwanja, kisha akaja akasimama kando yetu na kutuomba tukae kimya. Tukakaa kimya. Wakateremka, Mama. Kwanza majike, wakisita, masikio yamesimama. Halafu madume. Theluji ilikuwa imeshika migongoni mwao na moshi unawatoka puani. Watoto wote walikuwa wameziba midomo kwa mikono. Wakesho akanishika mkono, yeye mwenyewe, bila kuombwa. Nikajiambia, Mungu ni mwema, dawa imeingia.

Nikamtazama. Hakuwa anatabasamu. Alikuwa ametoa macho, anamtazama yule mzee, anawatazama kulungu, anamtazama mzee tena. Kabla sijauliza ana nini, aliuchomoa mkono wake, akainama kwenye kikapu cha chakula, akafungua leso, akatwaa kifuniko cha sufuria na mwiko, akapita chini ya kamba.

Mama, unajua alichofanya. Wewe ndiwe uliyemfundisha.

Alikipiga kile kifuniko kwa nguvu zake zote akikimbia kuwaelekea. "Hooo! Hooo! Tokeni! Tokeni hapo, ni ya watu!" Sauti ile! Miezi yote hii sikujua kama anayo. Mlima mzima uliitikia. Kundi zima likageuka mara moja, theluji ikaruka, majike wakatimka kurudi msituni. Lakini dume moja kubwa liliteleza, likajipinda, likaja upande wetu, na mtoto wangu yuko katikati na mwiko wake, harudi nyuma hata hatua. Nilijua nimemleta mtoto wako kufia ugenini kwa tamaa yangu ya kumwona anacheka. Mwakio ndiye aliyeruka kamba, akamnyakua kiunoni. Dume likawapita kama hatua tano, likaenda zake. Mimi nilikuwa bado nimesimama pale pale, Mama.

Watoto wa watu walikuwa wanalia. Mama mmoja alikuwa anatutazama kama tumeingia kanisani na mbuzi. Salma peke yake ndiye aliyefurahi, anamvuta mama yake, "Mum! Mum, she can talk!" Mzee mwenye shamba akaja uso umemwiva, na mimi nikaanza pole zangu zote za Kiingereza. Wakesho, akiwa bado mikononi mwa mjomba wake, akamwelekezea mwiko. "Wewe mzee! Wamekula mstari mzima. Mbona ulikuwa umesimama tu?"

Mwakio akamtafsiria. Nilitamani ardhi inimeze. Lakini alimweleza na mengine, kwamba kwetu ndovu wakiingia shambani alfajiri mwaka mzima umekwisha, kwamba mtoto huyu alidhani anamsaidia. Yule mzee akakitazama kile kifuniko. Akauliza kama ndovu kweli hukimbia kifuniko. Mwakio akamwambia wengine hukimbia na wengine hawakimbii. Mzee akasema kulungu watarudi baada ya nusu saa, njaa ni njaa, ila tumsaidie kile kifuniko kibaki ndani ya gari. Mwanaidi akawapitishia chapati wale waliokuwa wananuna, wawili watatu wakala. Kulungu wakarudi kweli, na Wakesho akawatazama kupitia kioo cha gari.

Tulipokuwa tunarudi giza limeanza kuingia. Mwanaidi na Salma walikuwa kwenye gari lao, tumebaki sisi watatu. Wakesho akauliza, "Mama wa Simu, kwa nini anawapa?" Nikamwambia wasipopewa watakufa njaa, na pengine watashuka kuharibu mashamba. Akafikiri. Mimi nimejaa furaha, mtoto ameuliza swali! Nikaanza kupanga nitakavyomwambia mwalimu.

Kisha akasema, "Na kwa Nyanya nani anapiga sufuria?"

Nikamwambia Nyanya mwenyewe anapiga.

"Nyanya hawezi kukimbia. Mguu wake ni mbaya. Mimi ndio nilikuwa nakimbia, yeye anawasha moto."

Nikasema basi majirani. Akasema majirani wako na mashamba yao. Nikasema Mungu anamlinda. Alimtazama mjomba wake kwa nyuma, akanitazama mimi, akasema polepole kama mtu anayejumlisha, "Watu wote wa kupiga sufuria wako kwa hii gari."

Mwakio akaweka gari pembeni. Tulikaa pale taa zinawaka na kuzima, watu wazima wawili uliowazaa na kuwafundisha kazi ile kabla hatujajua kusoma, na mtoto wa miaka minane kwenye kiti cha nyuma.

Sasa ndio naelewa zile picha. Hakuwa anawapenda ndovu, Mama, alikuwa anawazuia wasikufikie. Na kila Jumapili anapokuuliza kwenye simu, "Nyanya, mlilala vipi?" nilidhani ni adabu tu. Alikuwa anauliza walikuja au hawakuja. Wewe unamwambia salama, na yeye hakuamini, kwa sababu hata wakati akiwa huko ulikuwa unatuambia sisi salama naye amesimama karibu na wewe, mahindi yamelala chini. Ameujua uongo wetu tangu mdogo.

Kwa hivyo nakuomba kitu kimoja, na nakuomba kwa heshima zote nilizo nazo. Niandikie jina. Nani anapiga sufuria siku hizi? Usiandike "tuko salama" wala "Mungu yupo". Andika jina la mtu, nimsomee Wakesho. Na kama hakuna mtu, andika hakuna. Nisikudanganye, naogopa jibu hilo. Ukisema hakuna, atataka kurudi, na sijui nitamzuia kwa maneno gani, maana atakuwa ana haki kuliko mimi na Mwakio. Ukisema yupo na kumbe hayupo, atajua. Nimekaa miaka minne nikikuuliza presha, paa, na bomba la maji, sikuwahi kukuuliza hilo. Nisamehe, Mama.

Nisalimie Shangazi, mwambie simu yake ndiyo iliyonilelea mtoto na sitasahau. Baba Mdogo mpe salamu, na umwambie nitampigia mimi mwenyewe wiki hii, nina la kumwomba kuhusu shamba. Katekista asalimiwe pamoja na mama wa kwaya. Jirani yetu wa mizinga ya nyuki umuulize kama anaweza kuning'iniza michache upande wetu wa bondeni, maana ndovu huogopa nyuki. Mwakio anakusalimu.

Nilikuwa nataka kufunga hapa, lakini Wakesho amekuja akasimama nyuma ya kiti changu, ananipumulia shingoni. Ameuliza kama nakuandikia wewe. Nimemwambia ndiyo, kama ana la kusema aseme nitaliandika. Amefikiri sana, kisha akasema hivi, naandika kama alivyotamka:

"Mwambie Nyanya ndovu wakikuja asitoke. Aingie ndani afunge mlango. Awaache wale tu."

Ni mimi bintiyo,
Mghoi