Rangi ya Kucha Kwenye Ampli

Papa Donat,

Kwa masikitiko makubwa, na baada ya kufikiri siku tatu, ninakujulisha kwamba kitufe cha gain kimezungushwa. Robo ya mzunguko. Aliyekizungusha ni mimi, Solange, niliyekusaidia kazi kwa miaka kumi na moja. Nimetafuta mwingine wa kulaumu, sikumpata.

Si kitufe chako. Chako kiko pale pale kwenye ampli ya zamani, kwenye alama nyekundu uliyoichora kwa rangi ya kucha ya mkeo, Mama Régine, bila kumwomba. Mama anafuta vumbi la ampli yote, akifika pale anapita pembeni, kama kuna mtoto amelala.

Nazungumzia ampli mpya. Mwanao Fidèle aliituma kutoka Kolwezi kwa ajili ya misa yako ya siku arobaini. Ya dijitali, naibeba kwa mkono mmoja. Yako tulikuwa tunaibeba wawili na kugombana njia nzima. Basi nilichukua ile chupa ya rangi, nikaichora alama mahali pale pale kama kwako, nikapandisha gain mpaka hapo. Kwa heshima. Nililia kidogo, nifiche nini.

Kazi ilikuwa moja tu. Mama alitaka kusikia sauti yako, na wakwe zako kutoka Pweto waisikie. Tulipekua simu zote za familia tukapata rekodi moja. Maisha yako yote uliwapa wengine mikro, na wewe umetuachia sekunde ishirini za kupima mikro.

Nikaijaribu Alhamisi asubuhi. Ukasema "moja", na uliposema "mbili" twita ya bafle ya kushoto, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, ikaungua. Harufu ile unaijua. Makasha ya bafle hizo uliyachonga mwenyewe, na twita kama ile haipatikani tena hapa Lubumbashi. Mama alikuwa amekaa mbele. Akasema, "Solange, unamuua mara ya pili?" Akacheka. Halafu akaacha kucheka.

Ilibaki bafle moja, na siku mbili.

Ndipo nikatoa kipima volti, kile ulichokuwa ukikidharau: "Masikio iko na kazi gani, Solange?" Masikio yalikuwa yameshindwa, Papa. Nikachomoa bafle, nikapiga mlio mmoja usiobadilika kutoka kwenye simu, nikapima volti zinazotoka. Gain chini, volti kumi. Nikapandisha, ishirini. Nikapandisha tena, thelathini na kitu. Baada ya hapo nikazungusha na kuzungusha, volti zikagoma. Ampli ilikuwa imefika kwenye dari yake, na dari hiyo inatoka kwenye umeme wa ndani, haitoki kwenye kitufe. Sauti ikilazimishwa kupita hapo inakatwa kichwa, na sauti iliyokatwa kichwa ndiyo inayochoma twita.

Miaka yote nilidhani gain ni nguvu, na wewe unatunyima kwa kutukataza kukigusa kitufe chako. Kumbe inaamua tu sauti inayoingia ikuzwe mara ngapi, yaani utaifikia dari mapema au utachelewa. Alama yako ilikuwa ya ampli yako. Kuihamishia kwenye nyingine ni kama kuvaa miwani yako na kutaka kusoma.

Nikashusha gain mpaka neno lako kubwa kuliko yote likabaki mbali na dari. Hata ule mlio wa ampli kama wa kukaanga vidagaa vya ndakala, unaosikika watu wakinyamaza, ukapotea.

Jumamosi baada ya misa, uani kwako Naviundu, watu walijaa mpaka kwenye geti. Nikawasha. Sauti yako ilitoka safi, lakini ndogo. Shemeji yako mkubwa akaita kutoka nyuma: "Solange, ongeza! Shiye huku hatusikie kitu!" Mkono wangu ulifika kwenye kitufe, sikatai. Mama aliniangalia. Nikauondoa. Na wewe ukaendelea, kwa ile sauti yako ya kuchoka na watu:

"Moja, mbili. Bale ba nyuma, munasikia? Kama hamusikie, musogee."

Walisimama, Papa. Kila mtu na kiti chake cha plastiki. Wakaja wakamzunguka Mama, magoti yakigusana, nikarudisha rekodi mara nne. Twita ilivumilia zote. Mama aliweka kiganja kwenye kitambaa cha bafle na hakukitoa mpaka mwisho.

Pumzika sasa. Ninakuahidi, kila ampli nitaipima yenyewe kabla ya kuikabidhi sauti ya mtu. Na kitufe chako hakuna atakayekizungusha nikiwa hai.

Jana niliifungua ampli yako kutoa vumbi. Kitufe cha gain hakijaunganishwa na kitu: ukikizungusha, sauti haibadiliki. Waya zake zimekatwa, zimefungwa kwa utepe wa skochi, na ufungaji ni wako.

Solange