Sikumbuki Kama Nilimwambia Asubiri

Mshauri mpendwa, nisaidie kufikiri, maana mwenyewe nimeshindwa. Mimi ni fundi cherehani, na mwaka wa sita huu natengeneza bia nyumbani, ya kunywa mwenyewe na wageni wachache. Rafiki yangu kinyozi, ambaye kibanda chake kimepakana na changu, alinibembeleza nimfundishe, nikakubali, tukakaa Jumapili mbili jikoni kwake, nikamwonyesha kuloweka kimea kwenye maji ya moto yasiyochemka, kuchuja, kuchemsha, kupoza, kutia hamira na kufunika ndoo, halafu nikamweleza habari za kuosha chupa na kutia sukari kidogo kabla ya kuziba ili bia ipate gesi, na hapo ndipo akili yangu inapokwama, kwa sababu lipo jambo kubwa kuliko yote, kwamba usijaze chupa mpaka bia imalize kabisa kuchacha ndani ya ndoo, wiki mbili hivi, la sivyo chupa zitapasuka, na mimi sikumbuki kama nilimwambia. Nakumbuka nilitaka kusema. Nakumbuka pia simu iliita, mteja anataka suruali yake ipunguzwe, nikatoka nje kuongea, na niliporudi tukaanza kucheka mambo mengine.

Siku ya sita tangu ndoo yake ifunikwe, akaja kibandani kwangu meno yote nje. "Fundi, nimeshajaza chupa kumi na mbili!" Nikamwambia hongera, nikaendelea kushona.

Siku nne baadaye mke wake, ambaye ni msusi, aliinama kuchukua sufuria chini ya meza, chupa tatu zikapasuka kwa mpigo, kipande kikamkata kiganja, na sasa vidole viwili vya mkono wa kulia havikunjiki, na msusi bila vidole atasuka na nini, mshauri? Kinyozi anamwambia kila mtu, "Fundi alinionya, ni haraka zangu tu," na shemeji amehamia kwa dada yake, hataki hata kumsikia mumewe, ila mimi nilipokwenda kumpa pole alinikaribisha vizuri, akasema, "Wewe shemeji ulimfundisha vyema, yeye ndiye hasikii," nami nikanywa chai yake. Nilimbana kinyozi tukiwa wawili, "Hivi kweli nilikuambia?" akanitazama, akarudi kusafisha mashine yake. "Uliniambia. Yaishe." Sasa sijui ananisitiri, au kweli nilisema, au ameanza kuyaamini maneno yake mwenyewe. Nikisema sikumwambia huenda naongopa, nikinyamaza huenda naongopa vilevile. Nishike lipi?

Fundi Asiyejielewa

MSHAURI ANAJIBU

Pole, fundi, na pole nyingi zaidi kwa msusi.

Kabla ya mambo ya moyo, niambie: zilijazwa kumi na mbili, zikapasuka tatu. Tisa ziko wapi? Umeandika barua ndefu yote hii na hukuziwaza. Mpigie kinyozi sasa hivi, asiingie jikoni peke yake. Nendeni wawili, makoti mazito, glavu, miwani ya kukinga macho, mzifunike kwa blanketi nene kisha mfungue vifuniko kimoja kimoja chini ya blanketi hilo.

Haya. Kuhusu ulichosema au hukusema ile Jumapili, acha kuchimba, hutakipata. Lakini umenishangaza, kwa sababu umeandika kosa lako kwa mkono wako na ukalipita kama hulioni. Siku ya sita rafiki yako alikuja akakueleza alichofanya. Ulijua ni mapema. Ukampa hongera! Hapo hukuwa na simu wala mteja, fundi, ulikuwa na masikio.

Kinyozi anakusitiri au hakusitiri, hilo ni lake. Lako ni shemeji, ambaye amemkasirikia mtu mmoja kwa kosa la watu wawili. Nenda kwa dada yake, mchana, na chai usiinywe kwanza. Mwambie: "Sikumbuki kama nilimwonya. Ninachokumbuka ni kwamba aliniambia amejaza chupa, nami sikumzuia." Usiongeze neno, na usimwombee mumewe msamaha, hukutumwa. Akikufukuza, ondoka kwa adabu. Akinyamaza, kaa. Akikuuliza kwa nini hukusema siku ile ulipokwenda kumpa pole, mjibu ukweli: uliogopa.