Asilimia Kumi na Moja

Tarime mjini,
Jumatano.

Baba yangu mheshimiwa,

Shikamoo. Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta mzima, na kwamba kifua kilichokusumbua wakati wa baridi ya Julai kimetulia. Mama naye nampa shikamoo yake, na wote wa hapo Genkuru nawasalimu, pamoja na yule ndama aliyezaliwa nilipokuwa nyumbani mara ya mwisho, ambaye mume wangu Joel ananiambia kwamba sasa hakuna ua unaomzuia. Sisi huku hatujambo. Joel ndiye atakayekukabidhi bahasha hii. Anajua kilichomo, na nimemwomba asiseme neno kabla hujamaliza kusoma.

Najua utashangaa kuandikiwa na mkwe wako ambaye angeweza kupanda gari akafika hapo kabla ya mchana. Baba, tangu nilipoolewa kutoka Nyansurura miaka sita iliyopita, sijawahi kusimama mbele yako uso kwa uso tukajadiliana jambo, wala jina lako halijatoka kinywani mwangu. Ndivyo nilivyolelewa na ndivyo nyumba yako ilivyonipokea, na adabu hiyo bado naipenda. Lakini nina neno ambalo si haki kulipitisha kwa Mama wala kwa Joel, kwa kuwa wao hawana kosa. Karatasi inaniruhusu kulisema nikiwa nimeinamisha macho. Nakuomba uisome kwanza peke yako, kisha, kwa nafasi yako ya mwenyekiti, uwasomee wanachama wa kikundi cha wakulima wa kahawa siku ya Jumamosi. Kwa sababu hiyo nitaeleza na mambo ambayo wewe unayafahamu, ili asikose kuelewa hata yule ambaye hajawahi kuvuka geti la kiwanda.

Wanachama wanajua kwamba tangu msimu uliopita kila gunia la kahawa linaloingia kiwandani hubandikwa stika yenye msimbo wa miraba midogo myeusi. Stika hiyo hubandikwa kwenye meza ya mapokezi, ambako ndiko ninakofanya kazi. Mkulima hufungua gunia lake, mimi nachoma bomba la sampuli hadi chini, natoa punje, naziweka kwenye kipima unyevu, na namba inayoonekana tunaitazama sote wawili. Ikiwa imevuka asilimia kumi na mbili, kahawa haipokelewi mpaka ianikwe tena. Namba hiyo naiingiza kwenye kishikwambi, nasoma msimbo, na kuanzia hapo gunia linafuatwa kila linakokwenda. Ghalani linasomwa, kwenye mashine ya kukoboa linasomwa, kwenye kuchambua madaraja linasomwa, na kila asomaye anaacha jina lake na saa yake. Kilichoandikwa hakifutiki. Ukikosea, unaandika sahihisho chini yake, na yote mawili yanabaki.

Tuliupokea utaratibu huu kwa furaha. Zamani kahawa yetu ilipovuka mpaka wa Sirari kwenda Isebania, ikifika ng'ambo ilikuwa haina mwenyewe. Mzuri na mzembe walichanganywa katika rundo moja. Sasa mnunuzi wa mbali anaweza kujua kilo hii imetoka shamba la nani. Nilijivunia kazi yangu, Baba, na najua nawe ulijivunia, maana Mama aliniambia kwamba ukiwa na wageni hukosi kutaja kwamba mkwe wako ndiye mlango wa kiwanda.

Kisha ukaja ule ukungu. Wapakuzi walimwaga magunia mawili kwenye sakafu ya kukobolea, na kabla hawajaangalia vizuri, yakawa yamechanganyika: punje zilizoota ukungu wa kijani, harufu ya ghala lililofungwa mwaka mzima. Magunia hayo yalikuwa yamekaa pamoja ghalani kwenye chaga moja ya mbao. Moja lilikuwa la Mama Efrazia, mjane mwanachama wa kikundi, la pili lilikuwa lako. Kwa kuwa yalikwisha kumwagwa pamoja, hapakuwa na jicho ambalo lingeweza kusema uozo ulianzia wapi. Ilibaki kuuliza stika.

Stika zikajibu. Bwana Godwin, msimamizi wetu wa ubora, alikuja kikundini Jumanne ya wiki iliyopita, nami nikiwa pembeni yake nimembebea kishikwambi, akawasomea wanachama kilichoandikwa. Gunia la Mama Efrazia lilifika likiwa na asilimia kumi na tatu na nusu, likarudishwa kwenye vichanja vya kuanikia, likapimwa tena baada ya siku mbili na kuonyesha kumi na mbili. Lako lilionyesha kumi na moja mara ya kwanza, safi, bila sahihisho. Bwana Godwin akasema kwamba yeye hamtuhumu mtu, ila mashine haina ndugu wala jirani. Kila mmoja akafikia hitimisho lake, na hitimisho lilikuwa moja.

Wote tunakumbuka maneno ya Mama Efrazia siku ile. Alisema kwamba kumbe mashine yetu ina macho makali kwa wajane. Kwamba kahawa ile aliigeuza kwa mikono yake siku mbili mfululizo, mlinzi akimwona, na kama hatumwamini yeye tukamuulize mlinzi huyo, aliyemmalizia mahindi yake yote ya kuchoma. Mtu mmoja nyuma akamjibu kwamba mlinzi ni mtaalamu wa mahindi, kwenye kahawa hana cheti. Watu wakacheka. Nami nilicheka, Baba. Wewe ulisimama ukasema kwamba kikundi hakiwezi kuendelea kumbeba mtu anayeleta maji ndani ya gunia, na ukapanga kwamba Jumamosi hii jina lake lipigiwe kura ya kufutwa. Mama Efrazia aliuliza kama na mikahawa aliyoipanda marehemu mumewe aing'oe kabisa au aiache ibebe matunda ya kulisha ndege, kwa kuwa kiwanda hakinunui kwa asiye na kikundi.

Sasa nafika kwenye neno lililonifanya niandike.

Siku uliyoleta magunia yako matatu, mwenzangu Vicent alikuwa ametumwa mjini kuchukua karatasi za stika, nami nilibaki peke yangu mezani. Foleni ilikuwa ndefu. Ilipofika zamu yako uligeuza uso ukatazama barabarani, nami nikajifunika khanga mabegani na kuinamisha kichwa. Utaratibu ulinitaka nikuombe ufungue gunia, niingize mkono wangu katika mali yako, kisha tusimame bega kwa bega tukitazama namba moja, na kama kahawa ni mbichi nikwambie uirudishe, mbele ya watu wote wale. Kijana mmoja kwenye foleni alisema kwa sauti kwamba leo baba mkwe na mkwe wamekutana mizanini, tungoje tuone nani atapimwa. Mikono yangu ikakataa. Nilibandika stika tatu juu ya magunia ambayo hayakufunguliwa, na kwa kila moja nikaingiza kumi na moja, namba ya mkulima aliyekutangulia. Wewe ulipita. Sijui kama ulifahamu kwamba hukupimwa. Pengine uliona tu mkwe mwenye adabu. Sikuulizi.

Jioni ya Jumanne, baada ya mkutano, niliingia ghalani nikalitafuta gunia lako la tatu, ambalo ndilo pekee lililobaki bila kumwagwa, kwa kuwa la pili lilikuwa limekwisha kukobolewa. Nililipima mara mbili. Lilikuwa na asilimia kumi na sita. Nikapima na magunia mengine mawili ya Mama Efrazia: yote yalikuwa na kumi na mbili kamili. Nililifunga gunia lako kama nilivyolikuta na nikaenda nyumbani. Jumapili nilipozungumza na Mama kwa simu akanieleza, bila mimi kumuuliza, jinsi mvua ilivyoikuta kahawa yenu juu ya turubai siku ya mwisho, na jinsi mlivyoharakisha kuitia magunia ili isikose lori. Hata hapo nilikuwa nimekwisha kujua siku tano nzima, na nilinyamaza.

Kwa hiyo, Baba, na ninyi wanachama mnaosikiliza, namba ya Mama Efrazia ilikuwa ya kweli, na ukweli huo ndio uliomtia hatiani. Namba ya gunia la nyumba yetu ilikuwa ya kubuni, na ikatusafisha. Mashine haikudanganya. Mimi ndiye niliyeidanganya, halafu nikaiacha itoe ushahidi.

Leo kabla ya kazi kuanza nilimweleza Bwana Godwin yote. Alinisikiliza, akaniambia nikaandike sahihisho kwa jina langu mwenyewe, nami nimeandika. Ukiisoma stika yoyote ya magunia yako sasa, chini ya kumi na moja utaona: halikupimwa wakati wa kupokelewa, kosa la mpokeaji Irine. Gunia la tatu limetengwa. Kuhusu ajira yangu, uongozi utaamua Ijumaa.

Nakala ya barua hii, hadi hapa nilipofika, nimempelekea Mama Efrazia, nikamkabidhi mkononi. Sikufanya hivyo kwa kutilia shaka uadilifu wako. Nilikuwa na siku nane za kusema, nikazitumia kukulinda. Sitaki Jumamosi hii jina la mama yule litegemee heshima ya mtu yeyote, iwe yangu au yako. Aliisoma akiwa amesimama mlangoni. Aliponirudishia macho aliniuliza kitu kimoja tu: kama baba mkwe wangu atakuwepo kwenye mkutano. Nilimwambia kwamba wewe ndiye mwenyekiti, na kwamba sijawahi kukuona ukikwepa kikao.

Nisalimie shangazi na majirani wote, na umwambie Mama kwamba dawa zake za macho Joel amezibeba. Nikiwa nimepiga magoti mbele yako, naomba radhi kwa aibu ninayoileta nyumbani kwako, na namwomba Mungu akupe afya na sauti ya kutosha kuisoma barua hii hadi mwisho.

Ni mimi mkwe wako, mama wa wajukuu wako,
Irine
Meza ya mapokezi