Mguu wa Nne wa Meza

Nyumba ya juu, karibu na kinu cha mbao,
Závršie,
Tarehe 9 Januari.

Mpendwa Kaka Vendel,

Pokea salamu kutoka kwetu sote. Hujambo? Kifua kimepona? Gusto alituambia alikukuta huko Denmark unakohoa, na bado unakwenda kazini na koti lile lile la zamani. Nunua koti, Kaka. Sisi ni wazima, ukiondoa hili nitakalokueleza. Mtoto anaota meno, halali, kwa hiyo na mimi silali. Hedvika ametimiza miaka mitano na anatuamrisha wote. Shemeji yako Šimon yuko kinuni, anakusalimu sana.

Gusto anaondoka na lori lake kesho kuja huko, nimeona nimpe barua hii badala ya kupiga simu. Baba anakaa kwetu sasa, na kuta zetu unazijua: ukipiga chafya chumbani, jikoni wanakuombea afya.

Unaijua nyumba ya Baba ilivyo wakati huu. Tangu sikukuu ya Mtakatifu Martin, Novemba, jua limezama nyuma ya mlima, na halitagusa uwanja wake mpaka sikukuu ya mishumaa, Februari. Miaka yote Mama ndiye aliyemvusha. Alimfokea, akamtuma kuni, akamwibia kwenye karata ili wagombane kidogo. Hii ni baridi ya kwanza bila Mama.

Mwezi wa kumi na moja alinyamaza. Nikimpelekea supu naikuta kesho yake vile vile, imeganda juu. Halafu Desemba akachangamka ghafla. Akaanza kugawa vitu. Mbwa wake Brok akampa Gusto. Nyuki akampa padri. Vyombo vya useremala akamletea Šimon, kila patasi imenolewa na kuviringishwa kwenye kitambaa cha mafuta. Shangazi Filoména akasema kaka yake hatimaye amepata moyo wa Krismasi. Nasi tukafurahi. Mimi nilimwokea keki ya asali kumshukuru.

Mkesha wa Krismasi alikuja na mnyororo, ule aliokuwa akivutia magogo, auzungushe kwenye miguu ya meza kama kila mwaka, watu wa nyumba wasitawanyike. Baba akiwa kapiga magoti chini ya meza, Shangazi alimtania: "Kaza vizuri, Blažej. Safari ile ulilegeza, mmoja akatuponyoka mpaka Denmark." Tulicheka. Baba naye alicheka.

Nilimpaka kila mmoja asali kwenye paji la uso, tukasali, tukala mikate myembamba, tukaingia kwenye supu ya kabichi. Mtoto akaangusha kijiko. Nilipoinama kukiokota niliona mnyororo umezunguka miguu mitatu tu. Mguu wa nne, wa pembeni alipokaa Baba, ulikuwa nje. Nikadhani mnyororo haukufika. Lakini kipande kilichobaki kilikuwa kimekunjwa vizuri sakafuni, kirefu cha kuzunguka meza nzima mara ya pili.

Nikainuka na kijiko cha mtoto mkononi. Baba alikuwa anammenyea Hedvika tufaha, ametulia kabisa.

Kabla samaki hajaletwa, alisimama akasema anataka hewa. Unajua vyema kwamba jioni ile hasimami mtu ila mpishi, kwa sababu anayesimama, mwaka ujao hatakaa tena pale. Shangazi akajifanyia ishara ya msalaba, akanikamata mkono wa blauzi. "Usimfuate, mwanangu, wala usilitamke. Ukilitamka unaliita." Šimon akawa anaitazama sahani. Nikaona mezani pale wote tunaogopa mkosi, na mtu mwenyewe tumemwachia baridi. Nikampa Šimon mtoto, nikatoka.

Alikuwa amesimama penye ua bila kofia, theluji inamwangukia kichwani. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuzunguka, yote yakanikimbia.

"Baba, unafikiria kujiua?"

Nilidhani atanizaba kofi. Akasema bila kunitazama, "Nimechoka, Terka. Nilitaka tu nyinyi mbaki mmefungwa vizuri."

"Hatujafungwa, Baba. Mguu mmoja uko nje."

Akalia. Hata makaburini kwa Mama hatukumwona analia, unakumbuka. Nikamshika mkono kama ninavyomshika Hedvika tukivuka barabara, nikamrudisha ndani. Samaki alikuwa ameshapoa, tukamla hivyo hivyo. Tangu siku ile Baba hajalala kwake.

Sikukuu zilipopita tulimpeleka kwa daktari mjini. Amesema ni ugonjwa, una dawa, ila dawa hiyo inachelewa kushika, na kabla haijashika asiachwe peke yake. Akasema pia kwamba kuuliza waziwazi hakumpandikizii mtu wazo asilokuwa nalo. Shangazi hajaamini mpaka leo, ila anakuja kila asubuhi kukaa naye, na anamwibia kwenye karata.

Mchana Hedvika anamchukua mpaka kanisa dogo la kilimani, kule jua linakofika saa sita, nami nawafuata nyuma na mtoto mgongoni. "Babu, vaa viatu, jua halingoji wavivu," ndivyo anavyomsemesha. Siku nyingine anavaa. Siku nyingine anageukia ukutani, na hata yeye anashindwa naye.

Sasa sikia kilichonifanya nikuandikie leo. Jana Baba aliamka mchangamfu. Alipiga mluzi, akanyoa ndevu, akaniuliza saa yake ya mfukoni itamfaa nani. Mtu mwingine angeshukuru Mungu. Mimi nilikumbuka Desemba. Nilimpigia daktari papo hapo, na wembe na dawa zote ziko kabatini, ufunguo ninao shingoni.

Kaka, tangu mazishi ya Mama wewe na Baba hamjasemezana, kila mmoja anangoja mwenzake aanze. Anza wewe. Mpigie Jumapili hii, na kila Jumapili. Usimwambie ajikaze kiume, na usimwambie wengine wana shida kuliko yeye. Muulize kitu anachokijua yeye, kama vile jinsi ya kukunja mbao za kigari cha theluji, halafu mwache akueleze, hata akirudia. Pesa usitume. Omba ruhusa kazini, uwe hapa siku jua litakaporudi uwanjani kwake.

Na mimi usiwe na wasiwasi sana. Nilimwambia daktari kwamba kuna asubuhi nalia bila sababu, akanisikiliza. Jumamosi Šimon anawachukua watoto wote na mimi nalala kama gogo.

Mnyororo ulipaswa kutolewa siku ya Mamajusi, tarehe sita. Sikuutoa. Nimeupitisha kwenye mguu wa nne na kutia kufuli. Shangazi anajikwaa, anasema nimegeuza nyumba kuwa zizi. Baba ameniambia mara kadhaa niufungue. Nimemjibu kwamba atakayeufungua ni Vendel.

Nisalimie Ingrid na wanao, na yule Mpolandi mnayeishi naye aliyetutumia chai. Šimon, Hedvika, Shangazi Filoména na Gusto wanakukumbuka. Mungu akulinde njiani na kazini, akufikishe mlangoni kwetu ukiwa mzima.

Ninavyoandika, Baba yuko mezani chumba cha pili. Ana tabia ya kuusukuma mnyororo kwa kidole cha mguu. Nikiusikia unalia najua yupo, naendelea na kazi zangu.

Sasa umenyamaza. Ngoja nikaangalie.

Nimerudi. Alikuwa amesinzia tu, kichwa juu ya meza. Ndivyo ninavyoishi siku hizi. Njoo, Kaka.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Terka