Pacha Aliyezaliwa kwenye Simu

Vårby gård,
Stockholm.
23 Novemba 2025

Mpendwa Dada Gladness,

Anayekuandikia ni ndugu yako Aloysius, mtu ambaye akishikwa na mafua siku moja tu, nusu ya Skärholmen inashinda na njaa. Usicheke. Jiko la shule lina wapishi wenye vyeti ukutani, lakini viazi vyote vinapita mikononi mwangu, na Mswidi bila kiazi ni kama Mhaya bila ndizi, mchana wote hana la kusema. Mkuu wa shule mwenyewe tukikutana kwenye korido hunipisha.

Shikamoo dada. Goti limekuachia? Nyumba ya baba haivuji tena na mvua hizi? Na yule ng'ombe mwenye pembe moja, bado anavuka boma kula migomba ya watu? Sisi huku tu wazima, Mungu ashukuriwe. Baridi imekwisha ingia. Jua linakuja kama mgeni aliyesahau mwavuli, linachungulia, linachukua chake, saa tisa mchana limekwisha aga.

Senene tumewapata. Jamilah, yule jirani yetu Mganda wa ghorofa ya tatu, alipotoka kumwona mama yake Masaka alituletea kifurushi chako kizima, hata uzi haujalegea. Niliwapasha kidogo kwenye kikaango, ile harufu ikatoka hadi kwenye lifti, nami nikakuona, dada, wazi kabisa, umesimama pale pale jikoni na kanga yako ya zambarau, unanipiga mkono kwa mwiko, acha kudokoa Aloysius. Nikala nimesimama. Kukaa peke yangu kwenye meza ile ya watu watatu sijazoea, na miaka sita sasa tangu urudi nyumbani kumuuguza baba.

Ningeweza kupiga simu. Lakini kwenye simu unanikatiza kila nikifika penye utamu, na habari hii ukinikatiza sitaimaliza.

Uliniuliza, mtoto amepata kazi? Nitakujibu, ila nianzie mbali kidogo.

Unakumbuka sherehe zetu hapa, wanaume tumekaa sebuleni tunapanga serikali za nchi tano, watoto wanakimbizana ngazini, na yeye yuko jikoni na akina mama anamenya ndizi? Ana miaka minane, utomvu hadi kwenye viwiko. Mimi nikamwita aje akae na wanaume. Ukaniambia, mwache, huyo ana mkono. Nikanuna. Leo nakiri ulijua kitu. Na vile alivyokuwa anatusomea barua za serikali, miguu haifiki chini kwenye kiti, anakunja uso kama hakimu: mama, hapa wanataka sahihi yako, morbror, wewe hii haikuhusu. Morbror, mjomba wa upande wa mama, mpaka leo ndivyo anavyoniita. Siku hizo nilijiona nina waziri nyumbani.

Basi, Natalie. Lile jina la zamani sitaliandika hapa, amenikataza, nawe unalijua kwa kuwa ndiwe uliyelichagua. Alipokuambia mwaka juzi kwamba yeye ni binti na ndivyo atakavyoishi, ulinyamaza siku tatu. Ya nne ukanipigia ukauliza neno moja: anakula? Nilimweleza hivyo hivyo, akalia, akasema mwambie mama nakula.

Anakula, anakwenda kwa daktari, anakwenda kwa mwalimu wa sauti kila Jumanne, amependeza, mrefu kama mama yetu marehemu. Kilichomsumbua ni kazi. Chuo cha upishi alimaliza vizuri, lakini cheti kina jina la zamani. Halafu ile namba yetu ya huku, unayopewa ukizaliwa na kuzikwa nayo, tarakimu moja ndani yake inasema huyu ni mwanamume au mwanamke. Jina amebadilisha, namba mpya ameomba na bado anasubiri. Kwa hiyo akifika kwenye usaili, uso unasema hivi, kitambulisho kinasema vile, cheti kinasema kivyake. Mahali pamoja mzee mmoja alitazama karatasi, akamtazama yeye, akatazama tena karatasi, akasema tutakupigia. Kwingine walipiga wakasikia sauti, wakasema tunaomba kuongea na Natalie. Ni mimi, akasema. Wakakata. Miezi kumi hivyo, dada. Akaanza kuja hapa Jumapili na kulala tu kwenye kochi lako na viatu.

Mwezi uliopita ikatokea nafasi ya mpishi kwenye nyumba ya wazee, Upplands Väsby. Huku ukiomba kazi unataja mtu aliyefanya kazi nawe, mwajiri anampigia kumuuliza habari zako. Natalie akanitaja mimi, kwa sababu alifanya kazi jikoni kwetu likizo tatu za kiangazi alipokuwa kijana. Alikuja hapa kunifundisha kama mtoto wa katekisimu.

"Morbror, sema mambo matatu tu. Naitwa Natalie. Nilifanya kazi viangazi vitatu. Sichelewi."

"Na ule moto wa samaki?"

"Hakuna moto wa samaki!"

"Watoto mia saba wanalia njaa, mwanangu..."

"Walikuwa tisini. Na zilikuwa soseji. Sluta, morbror. Acha. Niahidi."

Nikaahidi. Nikaweka mkono juu ya Biblia ya baba, ingawa ilikuwa ndani ya kabati.

Simu ikalia siku ya Alhamisi, tumekaa mapumziko nyuma ya jiko, mimi na Yvan, Mkongo anayeosha vyombo. Mama mmoja, Christina, msimamizi wa ile nyumba ya wazee, sauti ya upole. Nikasimama. Akauliza, Natalie alifanya kazi chini yako? Ningesema ndiyo yakaisha. Nikasema, mama, alikuwa mkono wangu wa kulia, na mimi wa kushoto siutumii. Akacheka. Dada, unanijua mtu akicheka. Yvan naye akasogeza kiti, "Vas-y, mzee, endelea!" Nikamwingiza Christina kwenye siku ile umeme ulipokatika. Wewe unajua lilikuwa jiko lako moja la mkaa, lile ulilokuwa unawasha kwa siri kwenye roshani mpaka jirani wa juu akalalamika, mtoto akalibeba kwa treni hadi kazini. Mimi nikatoa majiko sita na watoto mia saba. Nikatoa samaki wa kuchoma, moshi mpaka njia kuu, magari ya zimamoto mawili, wazima moto wamevua kofia wanaomba sahani. Na katikati pale, mtoto amesimama kwenye moshi, miaka kumi na sita, anageuza samaki kwa mikono mitupu, nikamtaja. Kwa lile jina.

"Samahani," Christina akasema, "huyo ni nani? Mimi naulizia Natalie."

Hapo mtu mwenye akili hukohoa na simu ikakatika yenyewe. Mimi nikasema, "Aa, huyo ni pacha wake."

Pacha, dada. Na ukishamzaa pacha unamrudisha wapi? Nikamweleza kwamba kwetu mapacha wakizaliwa ngoma zinalia, wazazi wanapewa jina jipya la heshima, na wewe nikakuchezea ngoma siku nne na mabeberu wawili. Nikamwambia kaka mtu anageuza samaki na dada mtu anakata kachumbari, mtu na pacha wake, hujui nani ni nani. Nikafurahi hata mimi. Christina akasema, "Jamani, mimi nina nafasi mbili. Na kaka yake anatafuta kazi?" Nikasema yuko melini, mpishi wa meli. Yvan alimwaga kahawa.

Kosa kubwa zaidi nililifanya hapa. Natalie alikuwa aitwe kwenye usaili siku saba baadaye. Siku saba, nina simu mfukoni, naye anapita kwangu Jumapili, analala kwenye kochi, ananiuliza, walikupigia? Nikasema walipiga, yote shwari. Nilijiambia yule mama atasahau. Nikamkaangia mayai.

Akaenda Upplands Väsby, amevaa lile koti lako la kijivu ulilomwachia. Christina akampokea mlangoni kwa bashasha, "Karibu Natalie! Na pacha wako hajarudi na meli?"

Amenieleza mwenyewe yaliyofuata. Anasema alitazama mdomo wa yule mama akadhani ni Kiswidi ambacho hajakisoma. Kisha akaelewa. Anasema angeweza kunifuata, akasema bado yuko safarini, yakaisha. Lakini cheti kiko kwenye bahasha mkononi, na jina la pacha liko juu yake. Akakaa. Akasema, "Hakuna pacha. Jina hilo lilikuwa langu. Mjomba wangu alibanwa, akanizalia ndugu."

Anasema Christina alifungua bahasha, akasoma cheti. Halafu akauliza, "Na wale samaki?"

"Soseji."

"Watoto mia saba?"

"Tisini."

"Na zimamoto?"

"Alikuja mlinzi mmoja. Alikula nne."

Yule mama akacheka hadi akavua miwani. Akampa aproni, akamwambia wazee wanakula saa tano na nusu, nionyeshe huo mkono. Natalie akapika supu ya njegere na chapati nyembamba za maziwa, kwa sababu ilikuwa Alhamisi na Waswidi Alhamisi hula hivyo tangu babu zao. Siku tisa hakuna simu. Ya kumi wakampigia. Anaanza tarehe mosi Desemba, miezi sita ya kujaribiwa, kisha wataona.

Kwa hiyo ndiyo, mtoto amepata kazi. Sasa piga vigelegele, halafu rudi usome, maana sikumaliza.

Alipotoka kwenye ule usaili alikuja moja kwa moja kwangu. Mimi nilikwisha mwandalia buni za kutafuna kwenye kile kikapu kidogo cha nyumbani, kama tunavyompokea mgeni wa heshima. Hakugusa. Alisimama mlangoni na koti, akanieleza yote.

"Morbror, unajua ulichonifanya? Sikumjua yule mwanamke hata dakika mbili. Hilo ni neno langu. Nilisema kwa mama siku niliyochagua. Nilisema kwako siku niliyochagua. Kwake ningesema siku niliyochagua. Wewe umeichagua, kwenye mapumziko, ili Yvan acheke."

Nikaanza kusema, mwanangu, ila yule mama amecheka. Akasema, "Kwa bahati. Angekasirika, ungesema nini?" Nikampisha mlangoni, dada. Mimi, ambaye mkuu wa shule hunipisha. Nikamwomba radhi, bila samaki na bila moshi. Akaketi baada ya muda, akachukua buni moja, akatafuna, akasema imekauka mno. Kwenye orodha yake ya watu wa kupigiwa simu amenifuta. Sasa yuko Nicole, mwalimu wake wa upishi, mtu wa maneno machache. Kanifuta kwa haki.

Lipo jambo moja nakuomba. Kile kifurushi cha senene uliandika juu yake "kwa mtoto." Nilimwona akikisoma. Alipitisha kidole juu ya yale maandishi, akakunja karatasi akaitia mfukoni. Ukituma tena, andika jina. Natalie. Najua ni mkono mzito. Wangu pia ulikuwa mzito, na mimi namwona kila wiki, wewe unamwona kwenye kioo cha simu kilichopasuka. Anataka pia umwelekeze ulivyokuwa unapika ndizi na utumbo zikatoka nzima bila kuvurugika, anasema zake zinakuwa uji. Wale wazee hatawapikia hizo, anataka za kwake mwenyewe, siku za mapumziko.

Nisalimie mzee Rwegasira, mwambie bado namzidi kwa bao la kete, ashukuru bahari iko katikati. Nisalimie Mama Kokuhirwa na wajukuu wake wote. Msalimie katekista. Kaburini kwa baba na mama niwashie mshumaa mmoja mmoja. Mungu wa wazee wetu akutunze goti na paa, akupe usingizi wa mtu ambaye watoto wake wameshiba.

Sasa kabla sijaweka sahihi, kuna kitu kidogo, na ukimwambia mtu nitakana. Natalie anaamini lile jina lilinitoka kwa mazoea. Christina pia. Nimewaachia waamini. Lakini jina jipya nilikuwa nimeliandika kwenye kiganja changu kwa kalamu ya bluu, herufi kubwa, na wakati ule kiganja kilikuwa wazi mbele ya macho yangu. Nililisoma, dada. Kisha nikasema lile jingine, kwa kuwa mwaka mzima nilikuwa sijasikia mtu akilitaja, nami nilikuwa na hamu nalo.

Ni mimi, mdogo wako uliyembeba mgongoni, nikupendaye tangu huko mgongoni,

Aloysius