Viatu Nje ya Chumba cha Kompyuta

Mjukuu wangu Somoe,

Marahaba. Goti la bibi yako limepoa, ameanza tena kugombana na kuku, kwa hiyo sisi ni wazima. Unasema mafundi wenzako wa kompyuta hawaamini kwamba zamani watu walivua viatu kuingia chumba cha kompyuta. Waambie ni kweli, na hapa Newala mwenye sheria hiyo nilikuwa mimi.

Soko huria lilipoanza, mnunuzi mmoja wa korosho aliniajiri nimpigie chapa kwenye kompyuta yake. Nilijifunza mwenyewe kwa kitabu. Nilijua fika virusi vya kompyuta havitembei kwa miguu, lakini nikawatangazia watu kwamba vinaingia na vumbi la viatu. Wakaniogopa kidogo. Nikapenda.

Siku moja akaja mwalimu wangu wa darasa la kwanza kutoka Chilangala, na barua ya kijiji ya kuomba salfa, dawa ya mikorosho, ili nimpigie chapa.

"Mwanangu, hata mimi nivue?"

"Ndiyo sheria, Mwalimu. Virusi."

Akavua, watu waliosubiri zamu kwenye benchi wakitazama. Miguu yake ilikuwa imeliwa na funza; zaidi ya hapo sisemi. Mmoja akacheka. Mwalimu akainama kuificha chini ya kiti, na hapo akaona yangu. Nilikuwa nimevaa viatu.

Nilipomaliza, aliipokea barua kwa mikono miwili, kama anayepokea kwa mkubwa wake.

"Asante, Bwana Mtaalamu."

Hakuniita tena mwanangu, mpaka tulipomzika.

Ni mimi babu yako.